Gari la Kijivu na Mtoto Asiye na Jina

Sogeeni. Mlio nyuma njooni mbele, na mwenye chungu jikoni apunguze moto, maana hadithi hii ikishaanza haimsubiri mtu. Haina sungura wala fisi. Ina gari, ina mvua, ina nyanya nyingi kuliko mnavyodhani, na mwisho wake sina. Mwisho mtanipa ninyi.

Palikuwa na nyumba moja Tukuyu, upande wa juu, ambako ukungu huingia mpaka chumbani bila kubisha hodi. Humo walikaa mama na wanawe wawili, pamoja na mkwe wake aliyeitwa Atuganile. Tuwafahamu kwanza wenyeji, kwa sababu kila mmoja wao alijaliwa jambo lake.

Tumpe, binti mkubwa, alijaliwa jicho. Alikuwa fundi cherehani mwenye duka lake karibu na soko, na nguo iliyowahi kufumuliwa ikashonwa upya aliitambua mwenye nguo akiwa bado ng'ambo ya barabara. Wala hakuwa mtu wa kuona akanyamaza. Kanisani watu walikwepa kukaa benchi la mbele yake, si kwa chuki, bali kwa kuhofia pindo zao.

Mama Sekela, mama yao, alijaliwa mikono. Alifuma vitambaa tangu usichana wake na hakuacha hata alipoota mvi. Kila kiti cha nyumba ile kilivaa kitambaa cheupe chenye maua. Redio ilivaa, jagi la maji lilivaa, na majirani walisema kuku wa Mama Sekela wamshukuru Mungu kwa kuwa hawatulii, vinginevyo nao wangevalishwa.

Ipyana, mtoto wa kiume, muuza mbao, alijaliwa ubishi. Huyu alibishana na refa wa mpira hali yeye yuko nyumbani anasikiliza redio. Akisema hapana, basi ni hapana, na mkitaka leteni ng'ombe na kamba mje mmvute.

Na Atuganile, mke wake Ipyana? Labda tuseme alijaliwa uvumilivu, maana nyumba yenye jicho la namna ile, vitambaa vya namna ile na mbishi wa namna ile ilihitaji mtu wa kupumua taratibu. Aliwapenda wote watatu. Ila alikuwa na jambo lake moja lililomkosesha raha: mimba zake zilikuwa zikija na kuondoka, zikija na kuondoka, mpaka akaacha kuwaambia watu. Sasa hii moja ilikuwa imekaa. Atuganile alitembea nayo kama mtu aliyebeba maji kwenye bakuli lililojaa.

Basi familia ile ilikuwa na gari kuukuu la bluu, na Mama Sekela, kama mnavyoweza kukisia, alikuwa amelivalisha. Viti vyote, mbele na nyuma, vilifunikwa maua meupe kuanzia juu mpaka chini, na abiria aliyepanda mara ya kwanza hakukosa kusema, "Aisee, hili ni gari au sebule?" Mama Sekela alipenda sana kuulizwa hivyo.

Siku moja walikuwa wakirudi harusini, wote wanne, ukungu umeshuka barabarani. Lori la ndizi lilikuwa likija upande wa pili polepole, na nyuma yake dereva mmoja mwenye haraka akaona asisubiri. Akalipita lori lile kwenye ukungu. Ipyana aliona taa tu. Akakata usukani kushoto, wakakwaruzana ubavu mzima, na gari la bluu likaenda kutumbukia mtaroni.

Hapakufa mtu. Lakini Mama Sekela alivunjika mkono, Tumpe akapasuka paji la uso, na Atuganile akarushwa kutoka kiti cha nyuma hadi bega lake likagonga kiti cha mbele. Ni bega lililogonga, si tumbo, na kati ya bega na tumbo pana kiganja kimoja tu. Ipyana, aliyekuwa ameng'ang'ania usukani, hakupata hata mchubuko. Hilo lilimuuma kuliko jeraha.

Hospitalini muuguzi alisikiliza tumbo kwa muda mrefu, Atuganile akiwa anamtazama usoni bila kupepesa macho.

"Mtoto yupo," muuguzi akasema mwishowe. "Lakini dada, mshukuru Mungu, na safari nyingine ya hivi msiirudie."

Tangu siku hiyo Atuganile alikataa gari. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye hata pikipiki ikiwashwa njiani alishika tumbo. Zahanati ya karibu alikwenda kwa miguu. Hata hivyo daktari alimwambia wazi kwamba kwa hali yake, na kwa mimba zilizotangulia, atajifungulia hospitali kubwa Mbeya, na kabla ya hapo afike huko akapimwe. Na Mbeya, ndugu zangu, kwa mama mjamzito si mahali pa kwenda kwa miguu.

"Nitapanda," alimwambia mume wake. "Lakini si gari lolote. Nataka gari litakalomfikisha mtoto huyu. Rangi na redio sitaki kusikia."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Gari la bluu lilikokotwa mpaka gereji likalala huko, na familia ikaenda Mbeya kutafuta jingine, isipokuwa Atuganile, aliyebaki nyumbani akiomba.

Hapa sasa ndipo jicho la Tumpe lilipofanya kazi.

Katika yadi ya Bwana Mwasomola palikuwa na gari jekundu lililong'aa hata chini ya mawingu. Ipyana aliliona tangu getini, na mapenzi yakamshika hapo hapo. Matairi mapya, redio kubwa, viti laini. Bwana Mwasomola alilifuta kwa kiwiko cha shati na kusema, "Hili limeshuka melini juzijuzi, mzee. Halijui hata vumbi la Tanzania."

Tumpe aliliendea. Alilizunguka. Akachuchumaa ubavuni, akafumba jicho moja, akatazama ule mstari wa uwazi kati ya mlango na mwili wa gari, jinsi anavyotazama mshono wa bega la koti. Juu uwazi ulikuwa mwembamba, chini ulikuwa mpana.

"Pindo limekaa vibaya," akasema.

"Dada, hili ni gari, si gauni," Ipyana akamjibu.

"Mdogo wangu, fundi mvivu ni fundi mvivu, ashone nguo ashone bati." Akaufungua mlango, akabandua mpira unaozunguka fremu kwa kucha zake ndefu. Chini ya mpira, mahali ambapo mpiga rangi hakutegemea mtu atachungulia, palikuwa peupe. Akafanya hivyo upande wa nyuma. Huko palikuwa pa kijani. "Haya ni magari mawili yaliyogongwa, yakakatwa, yakaungwa hapa katikati. Likipata kishindo, litaachana kiunoni kama sketi ya mtumba."

Bwana Mwasomola akaanza kukohoa. Tumpe hakumwachia nafasi. Tangu apasuke paji alikuwa amewahoji mafundi wa gereji mpaka wengine walianza kumkimbia, na alijua cha kuuliza. "Washa," akasema. "Nataka kuona taa ya mifuko ya hewa." Maana gari zima likiwashwa, taa hiyo huwaka kidogo kisha ikazimika, ndiyo kusema mifuko ya hewa imo na iko tayari kufumuka watu wakigongwa. Kwenye lile jekundu taa haikuwaka kabisa. Hata balbu yake ilikuwa imetolewa.

Wakazunguka yadi mpaka miguu ikauma. Mwisho Tumpe akasimama mbele ya gari moja la kijivu, halina mvuto, lina mkwaruzo mrefu mlangoni. Akaupapasa ule mkwaruzo akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Huu ni mkwaruzo wa kweli. Asiyeficha dogo hana kubwa la kuficha." Akapima nyufa za milango yote, zikalingana. Akabandua mipira, rangi ikawa moja. Wakawasha, taa ikawaka na kuzimika. Fundi waliyemleta wao wenyewe akaingia chini ya gari, akatoka na kusema kwamba mwili wake haujawahi kukatwa.

Ipyana alilitazama lile jekundu mara ya mwisho kama mtu anayeaga mchumba. Wakaondoka na la kijivu.

Atuganile alipoliona likiingia uani alivunjika moyo kidogo, mnisamehe, ni binadamu. Lakini wifi yake alimshika mkono, akamzungusha, akamwonyesha mstari kwa mstari, na moyo wake ukaanza kutulia.

Mama Sekela naye alikuwa amejiandaa. Mkono ulikuwa umetoka kwenye plasta, bado unauma, na kwa mkono huo huo alikuwa amefuma vitambaa vipya vya gari jipya, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuzifanya. Aliingia navyo garini mwenyewe, akavalisha kiti kimoja baada ya kingine, akakaza kamba zake kwa chini. Alipomaliza gari la kijivu liliacha kuwa la kijivu, angalau kwa ndani. Majirani walikuja kuchungulia. Mama Sekela akaulizwa kama hili ni gari au sebule.

Baada ya hapo akakumbuka vile vitambaa vya zamani. Akaenda gereji alikolala marehemu gari la bluu, kuvikomboa, maana uzi ni uzi. Alivifungua kamba, akavivuta. Na chini ya vitambaa, kwenye kiti cha nyuma alichokuwa amekaa mkwe wake siku ile, akaona mikanda ya usalama. Ilikuwa imekunjwa vizuri, vifungo vyake vimelala ubavu kwa ubavu, vinameta kama siku vilipotoka kiwandani. Havikuwahi kuguswa na mtu. Alikuwa amevilaza yeye mwenyewe chini ya maua ili viti vipendeze.

Alirudi nyumbani mikono mitupu na hakula.

Kesho yake asubuhi Atuganile alisikia mlio wa mkasi uani. Akatoka. Alimkuta mama mkwe wake ndani ya gari la kijivu, amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma, anakata.

"Mama! Unafanya nini? Si umemaliza juzi tu?"

"Nakata."

"Umekosewa nini, Mama?"

Mama Sekela hakugeuka. "Siku ile mwanangu, wewe na mimi hatukukosa mikanda. Ilikuwepo. Mimi ndiye niliyeifunika, na hapa nimeifunika tena." Mkasi ukasimama. "Kidogo nimuue mjukuu wangu kwa maua."

Atuganile alifungua mlango. Aliingia, akakaa kando yake kwenye kile kiti kilichokatwa nusu, wakalia wote wawili, na baada ya kulia wakacheka kidogo, kwa vile kuku mmoja alikuwa amepanda mbele na kukalia kiti cha dereva. Halafu Mama Sekela akaendelea. Kata pua uunge wajihi, ndivyo wazee walivyosema, na yeye alikata kila mahali palipoficha kifungo. Akakunja kingo, akazishona zisifumuke, kwa uzi mwekundu, ili hata mgeni akipanda aone mkanda unatokea wapi. Akaivuta mikanda yote, akaifunga na kuifungua mpaka vidole vikachoka. Kazi yake nzuri kuliko zote ilijaa matundu, na hakuna jirani aliyeisifu tena.

Sasa ikafika siku ya kwenda Mbeya kupimwa.

Mvua ilikuwa ikinyesha nyepesi. Tumpe alikaa mbele, Mama Sekela na Atuganile nyuma, Ipyana kwenye usukani. Wote wakafunga mikanda, isipokuwa mmoja.

"Atu, mkanda," Ipyana akasema.

"Sifungi. Utambana mtoto."

"Hautambana."

"Wewe umewahi kubeba mimba? Mama yangu alinikataza hata kufunga kanga kwa nguvu, wewe unataka kunifunga kamba la gari! Nimeshapoteza wangapi, Ipyana? Twende."

Ipyana akazima gari. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akashuka, akaenda kukaa juu ya boneti kwenye mvua.

Mwanzoni walidhani anatania. Mama Sekela akamsihi. Tumpe akamwita majina mawili matatu ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Majirani wakatoka na miavuli kutazama mtu mzima anayelowa juu ya gari lake. Atuganile akafungua kioo akapiga kelele, "Tutachelewa hospitali!"

"Tutachelewa."

"Daktari ataondoka!"

"Ataondoka. Kesho atarudi. Bila mkanda gari hili halitoki hapa hata akija askofu."

Mbishi ni mbishi. Atuganile alimjua, akajua kuna siku mtu huyu alikesha na gazeti la zamani akibishana nalo. Akaanza kulia kwa hasira. Hapo Ipyana akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akapiga magoti kwenye matope na suruali yake ya Jumapili. Wala hakuongea kwa ukali.

"Nilimuuliza muuguzi," akasema. "Nilikwenda mara mbili, ya kwanza nilibishana naye. Huu wa chini unapita hapa, chini ya tumbo, juu ya nyonga. Huu wa juu unapita kati ya maziwa. Tumbo halishikwi na kitu. Niache nikufunge, kisha ukitaka uninunie mpaka uzee."

Alimfunga taratibu. Kifungo kikalia ndani ya lile tundu la uzi mwekundu.

"Siongei na wewe mpaka Mbeya," Atuganile akasema.

"Sawa," Ipyana akajibu, na wakaondoka.

Mbeya hawakufika siku hiyo. Kwenye kona moja ya mteremko, pikapu iliyojaa matenga ya nyanya ilikuwa ikishuka, ikateleza kwenye utelezi, ikageuka ubavu na kuwajia. Hapakuwa na mtaro wa kukimbilia, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine bonde. Ipyana alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Kishindo kilisikika hadi mashamba ya chai.

Kisha kimya.

Atuganile alifumbua macho. Kioo cha mbele kilikuwa chekundu tupu. Ulikuwa wekundu unaoteremka polepole, na mbegu ndani yake, lakini mbegu yeye hakuziona. Aliona damu. Alihisi mkanda umemkaza nyongani na kifuani, umemshika mahali alipokaa, na mkono wa mama mkwe wake umeng'ang'ania wake. Hakuthubutu kushusha macho. Alisubiri tumboni mwake, kama mtu anayesubiri kuitikiwa hodi katika nyumba yenye giza.

Kwanza hapakuwa na kitu.

Halafu teke. Kubwa, la mtu aliyekerwa.

"Ipyana," akasema, akiwa amesahau kabisa kwamba haongei naye. "Ipyana, anacheza."

Mbele kulikuwa na mifuko miwili mikubwa iliyofumuka, na nyuma ya mifuko hiyo nyuso mbili zilizopakaa vumbi jeupe kama zimetoka mashine ya kusaga unga. Ipyana alilia kwa kwikwi bila haya yoyote. Tumpe alinyoosha kidole kupitia ufa wa kioo, akagusa ule wekundu, akauonja.

"Nyanya!" akapiga yowe. "Ni nyanya, jamani! Ni nyanya tu!"

"Kyala wangu!" Mama Sekela akamwita Mungu kwa kilugha, akaanza kucheka, na kicheko kikawaambukiza wote, mpaka watu waliokuja mbio kuwaokoa wakasimama na kuwashangaa.

Gari la kijivu lilikunjika lote kuanzia boneti mpaka karibu na dashibodi. Lakini pale walipokaa watu hapakukunjika. Milango ilifunguka yote, ukiwemo ule wenye mkwaruzo. Dereva wa pikapu alishuka akichechemea, mzima, akiomba radhi kwa kila mtu pamoja na miti. Atuganile alikalishwa juu ya tenga lililopinduliwa, akapewa chai ya rangi na mama mmoja wa jirani na barabara, huku wanawake wakimsaidia dereva kuokota nyanya zake zilizobaki nzima. Na hapo, kwa furaha isiyopimika, akafanya kosa.

"Aliyemwokoa mtoto huyu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "ndiye atakayempa jina! Sitamhoji wala sitambishia. Nimesema mbele ya Mungu na mbele ya nyanya hizi."

Watu wakapiga makofi. Ahadi ni deni.

Hospitali ilimpima na kumpima tena, ikasema mama mzima na mtoto mzima. Wakati ulipotimia alizaliwa binti, mnono, mwenye sauti ya kubishana. Atuganile alimkumbatia akamhesabu vidole, akalia mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Hakukuwa na kitu. Alikuwepo mtoto tu.

Siku ya kumtoa mtoto nje majirani walijaa uani, chai ikamiminwa, ndizi na nyama zikapakuliwa. Jirani mmoja akauliza lile swali ambalo lilikuwa likingojewa: "Haya, na huyu bibi mdogo tumwite nani?"

Watu watatu wakasimama kwa pamoja.

"Anaitwa Tumpe," akasema Tumpe. "Jina langu, ndiyo, na sioni aibu. Mimi ndiye niliyelikataa jekundu. Tungekuwa ndani ya lile, wifi angefunga mkanda, na kiti kingekwenda bondeni pamoja na mkanda wake. Mkanda kwenye gari lililokatika kiuno unamshikilia mtu kwa nani?"

"Anaitwa Subilaga, kama marehemu mama yangu," akasema Mama Sekela kwa upole. "Gari lilikuwa imara, sikatai. Lakini gari imara lenye mikanda chini ya vitambaa ni sanduku. Yaliyomo yangerushwa huku na huku. Mimi niliifungua njia, na niliikata kazi yangu nzuri kuliko zote ili niifungue."

"Anaitwa Bupe, yaani zawadi," akasema Ipyana. "Gari imara lilikuwepo, na mkanda ulikuwa wazi, na mkwe wenu hakuufunga. Ungening'inia pale na uzi wake mwekundu, unapendeza. Niliyelowa juu ya boneti ni nani?"

Majirani wakaguna, kila mmoja akiona sawa. Ndipo mambo yakachachamaa.

"Mama, heshima yako," Tumpe akasema, "lakini mikanda hiyo aliyeificha ni nani? Mtu akichomoa mwiba aliouchoma mwenyewe, apewe zawadi?"

"Nawe mwanangu mwenye jicho," Mama Sekela akajibu, "ulipanda gari la bluu miaka yote. Pindo za kanisa zima uliziona. Mikanda iliyofichwa mbona hukuiona?"

"Na mimi?" Ipyana akauliza.

"Wewe," wakamjibu mama na binti kwa sauti moja, "ungetununulia lile jekundu!"

"Nilibishaje wakati nililikubali la kijivu? Siku moja katika maisha yangu nimekubali kitu, na hiyo hamnipi?"

Atuganile alikuwa amekaa katikati yao, mtoto ananyonya, na macho ya uani mzima yakamgeukia. Alikuwa amelifikiria jambo hili kila siku. Alipomtazama wifi yake aliona lile kovu la paji la uso, na kucha zilizobandua mpira. Alipomtazama mama mkwe wake alisikia mkasi. Alipomtazama mume wake aliona magoti yaliyojaa matope. Kila alipoamua, alijua wawili waliobaki wataumia, na nyumba ni moja, jiko ni moja, na watu hao hao ndio atakaozeeka nao.

Nitawaambia kitu ambacho hakumwambia mtu. Wakati ule wanabishana, huyu akipaza sauti, yule akipiga meza, Atuganile aliwahesabu. Walikuwepo wote. Hakuna aliyekosekana mezani, na yeye mwenyewe yupo, na mtoto yupo, maziwa yanamtoka kwa pupa mdomoni. Moyo wake ulishuka na kutulia mahali ambapo haukuwa umetulia kwa muda mrefu. Akatamani ugomvi ule uendelee hata mwaka.

Ila haiwezekani. Mchungaji amesema habatizi mtoto asiye na jina, na Atuganile ameapa mbele ya Mungu, seuze nyanya. Tena watoto wa jirani wamechoka kusubiri wakubwa. Wanapita dirishani wakimwita binti yule Nyanya, Nyanya, na taarifa nilizo nazo ni kwamba ameanza kugeuza kichwa.

Basi mimi mzigo nautua hapa, nanyi ubebeni. Jicho lilichagua gari lisilokatika. Mikono iliitoa mikanda gizani. Ubishi uliufunga mkanda penye tumbo lenyewe. Ukiondoa kimoja, hakuna mtoto wa kupewa jina. Kila mmoja ana haki yake, na kila mmoja ana doa lake.

Je, wewe uliyekaa hapo, ungekuwa Atuganile, mtoto wako yu mapajani na wote watatu wanakutazama, ungemgeukia nani?

Amueni upesi, kabla Nyanya halijashika.